Majina Ishirini na Saba ya Lango la Samhari

Zama zile ambapo majini walikuwa bado wakichukua kazi kwa wanadamu na wakiitimiza, katika mji wa Samhari wenye kuta nene na lango moja, alitawala Sultani Muntasiri bin Rashadi, mtu mwenye ndevu nzuri na nia nzuri na masikio mazito, na mimi ninayewasimulia sina chuki naye, ila sitamsifu pasipo na sifa. Lango la mji ule liliitwa Lango la Dhargamu, na soko lililokuwa nyuma yake Soko la Dhargamu, na kisima walichonywea watu na punda wao Kisima cha Dhargamu. Na ilikuwa ada ya mji kwamba kila aingiaye asimame mbele ya kizingiti, amwambie bawabu jina lake mwenyewe na jina la lango, na amwombee rehema mwenye lango, ndipo avuke. Mtu aliyetoka kuchuma mchicha akarudi, alilitaja, na bibi harusi aliyeletwa kutoka nchi ya mbali alilitaja kabla hajalitaja la mumewe.

Na Dhargamu huyu alikuwa amiri wa jeshi aliyekuja miaka mia mbili kabla, akauvunja mji, akaichoma Nyumba ya Kalamu iliyojaa vitabu vya tiba na falaki na sheria na mashairi, na wanavyuoni ishirini na saba waliokataa kuviacha akawafungia mlango, wakaungua pamoja na karatasi zao. Kisha akajenga lango na kuliandika jina lake juu, na vitukuu wa wale waliochomwa wakalitaja asubuhi na jioni na kumalizia kwa kusema "Mungu amrehemu", kwa kuwa walikwisha kuzoea. Hapa mimi hushikwa na hasira kila ninaposimulia, lakini tuendelee.

Tangu siku zile mji ulikuwa na msiba ambao watu waliuita hewa mbaya. Kitabu chochote kilichoandikwa au kuletwa ndani ya kuta, wino wake ulikaa siku saba, na siku ya nane ukadondoka kama masizi na kurasa zikabaki nyeupe. Kadhi alihukumu kwa kukumbuka, na tabibu alitibu kwa kubahatisha, na wenye kujifanya wajuzi wakasema ni unyevu wa kisima.

Katika mji huo aliishi mwanamke mchonga mawe, Tufaha binti Harithi, aliyerithi tindo na nyundo za baba yake, na mumewe Luqmani, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili vitabu, yaani aliandika kitabu kile kile kila wiki kama mtu anayeteka maji kwa pakacha. Walijaliwa binti mmoja, Wasila, na kama ilivyo kawaida ya watu wale, wao kwa wao hawakuitana kwa majina tena, bali Mama Wasila na Baba Wasila. Mtoto alipotimiza miaka sita akashikwa na homa. Tabibu akaja mbio na kitabu cha homa za watoto, akakifungua penye dawa, akakuta ukurasa mweupe, kwa kuwa ilikuwa siku ya nane. Akapima dawa kwa kukisia. Wasila akafa kabla ya adhuhuri.

Makaburi ya mji yalikuwa ndani, kando ya ukuta, na Tufaha alimchongea mwanawe jiwe la kaburi kwa mkono wake, herufi zenye kina cha kucha. Siku ya nane akalikuta jiwe laini kama sabuni iliyotumika. Akachonga tena, likafutika tena, na mara ya tatu akatupa tindo, akaenda akasimama katikati ya mji akatazama kila jiwe, na katika mji mzima jiwe moja tu lilikuwa na herufi zake zote, nalo ni lile la juu ya lango. Ndipo alipoelewa kwamba hewa haikuwa na kosa.

Akaenda barazani kwa Sultani, akainama, akasema, "Maulana, nimekuja kuomba jina la Dhargamu liondoshwe langoni, na sokoni, na kisimani."

Waziri akadakia, "Seyyidi, tukilifuta jina hilo tutakuwa tumefuta tarehe ya mji. Na lango si alijenga yeye?"

"Alijenga kwa matofali ya Nyumba ya Kalamu, Bwana Waziri," akasema Tufaha. "Na tarehe sikatai. Habari zake zote ziandikwe kitabuni, mkiweza kuukalisha wino. Ninachokataa ni kumwombea rehema kila ninapoingia mji alimozikwa mwanangu."

Sultani akazipapasa ndevu zake, akasema, "Umesema haki, binti Harithi, na haki yako utaipata. Jina lile liondoshwe leo, na mahali pake lichongwe jina letu sisi, ili watu wajue ni nani aliyewatendea wema huu." Na hilo ndilo kosa la wafalme tangu dunia iumbwe, maana hawaoni nafasi tupu ukutani isipokuwa wanaona uso wao.

Tufaha akapanda ngazi, akalibandua jiwe la Dhargamu, na nyuma yake akaona shimo dogo na ndani yake pete ya shaba. Akaifuta vumbi kwa ushungi wake. Mara akamwona jini ameketi juu ya ukuta jua likiwa utosini, miguu yake myembamba na tumbo kubwa, na meno yake meusi kwa wino.

"Naitwa Hindabu," akasema jini. "Dhargamu alinifunga kwa pete hii, akaniamuru nililinde jina lililo juu ya lango lisimame peke yake, na majina na maneno mengine yote yatakayoandikwa ndani ya kuta niyale. Nimekula miaka mia mbili, ewe mwanamke, na sijapata hata siku moja ya kupumzika."

"Kwa hiyo mwanangu ulimla wewe."

"Jina lake nililila jiweni mara tatu. Mwili wake sikuugusa. Dawa yake niliila, ndiyo."

Tufaha akaitia pete kidoleni. Kisha akauliza, "Na nikichonga jina la Sultani wetu?"

"Nitamlinda yeye kama nilivyomlinda yule, nami nitakula vile vile. Hapo juu pakikaa mtawala, kazi yangu ni ile ile."

Tufaha akayapeleka maneno hayo barazani, lakini nimekwisha kuwaambia habari ya masikio ya Sultani. Amri ikabaki amri, na jina la Muntasiri likachongwa. Siku ya nane hati ya kumwondosha Dhargamu ikawa nyeupe, na nasaba ya mababu wa Sultani ikawa nyeupe, na bawabu akawa anapitisha watu wakisema, "Lango la Muntasiri, Mungu amrehemu," naye Muntasiri yuko hai anakula chakula cha mchana. Maneno hayo yakamfikia, chakula kikamshinda. Akamwita Tufaha upesi, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyeona kaburi lake, "Fanya utakalo, binti Harithi. Jina langu liondoe, na usiniulize jambo."

Tufaha akarudi langoni, akalibandua jiwe la Muntasiri, akaifuta pete, akamwuliza jini ni kitu gani kitakachomfungua. Hindabu akasema, "Majina niliyoyala kwanza, ya wale ishirini na saba. Yakirudi juu ya lango, agano langu limevunjika. Lakini hakuna mwanadamu anayeyajua, maana nimeyala yote, na tumbo langu lilifungwa lisipungue. Nitakupa jina kwa jina. Utanipa la mtu unayemjua, na ukishalitoa, mtu huyo humjui tena, wala hutamkumbuka hata ukiambiwa. Na mtoaji ni yule aliyeiokota pete. Hapokelewi mwingine."

Siku ile Tufaha alimweleza mumewe wakiwa wameketi ukumbini, na mbele yao karatasi nyeupe za kitabu cha wiki iliyopita.

"Mama Wasila," akasema Luqmani, "wewe huna ndugu wengi. Watu ishirini na saba utawatoa wapi?"

"Wapo majirani. Wapo wachonga mawe wenzangu, na shangazi zangu, na mama yangu aliyekufa, na baba."

"Na wakiisha hao?"

Tufaha akamtazama yeye, na Luqmani hakuwa mjinga. Akalia waziwazi, bila kufunika uso, kisha akasema, "Nitakuja kukaa chini ya ngazi kila siku. Utakapofika kwangu, utaona mtu mgeni ameketi hapo, nawe usimwogope."

Basi Tufaha akachonga siku tisa, majina matatu kila siku, na watu wa Samhari wakaja kutazama. Siku ya kwanza alitoa majirani, akapewa Sheikh Abulkheri aliyepima mwendo wa nyota, na Khalfani bin Ubwa aliyeandika sheria za mirathi, na Mwalimu Sarahani. Siku ya nne mwanamke mmoja mzee alimletea uji, akasema, "Kunywa, mwanangu," naye akamshukuru kwa adabu kama mtu amshukuruvyo mpita njia, na yule alikuwa shangazi aliyemlea. Mama mzee akarudi nyumbani na bakuli lake, akajifungia. Siku ya saba Tufaha alimtoa baba yake, na akawa anaitazama tindo mkononi akijiuliza nani alimfundisha kuishika. Mkono haukusahau kazi, na hilo lilikuwa la kuogofya zaidi.

Siku ya tisa yalibaki majina matatu. La kwanza akatoa la Luqmani, akageuka chini, akaona mwanamume mgeni mwenye wino vidoleni anamtazama kwa macho mekundu, na hakumwogopa. La pili, Hindabu akamwambia, "Umebaki na la mtoto na lako mwenyewe. Ukitoa lako kwanza, hutajua unachonga kwa ajili ya nani."

"Chukua langu," akasema Tufaha. "La mtoto liwe la mwisho."

Akachonga jina la mwanachuoni wa ishirini na sita, kisha akabaki amesimama juu ya ngazi, mwanamke asiyejua yeye ni nani wala nyumba yake iko wapi, na katika kifua chake chote limebaki neno moja tu, Wasila, na halina uso. Jini akanyoosha mkono alipokee.

Yeye akasita, kwa sababu neno lile lilikuwa tamu na hakuwa na jingine. Akainama akamwambia yule mgeni aliyeketi chini, "Bwana, samahani. Jina hili Wasila ni la nani? Naona uchungu kulitoa, na sijui kwa nini."

Na hapo, wasikilizaji wangu, Luqmani alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, kwamba ni la binti yako, na mwanamke yule angelikumbatia jina lile asilitoe kamwe, na mji ungebaki kama ulivyo. Watu wote walimtazama. Hata Sultani, aliyekuwa amekuja bila mwavuli wake wala ngoma zake, alimtazama.

Luqmani akasema, "Ni la mtoto mmoja, bibi. Alikuwa na homa, na tabibu alifungua kitabu akakuta ukurasa mweupe."

Mwanamke akafikiri kidogo. "Na nikilitoa, kurasa zitakaa na wino wake?"

"Zitakaa."

"Basi alichukue," akasema, na machozi yakamtoka, na hakujua anamlilia nani.

Jini akampa jina la ishirini na saba, nalo lilikuwa la Bi Ghanima binti Tahiri, aliyetunga kitabu cha homa za watoto na kuungua nacho kifuani. Alipomaliza kuchonga herufi ya mwisho, pete ikapasuka kidoleni mwake, na Hindabu akalala juu ya ukuta kama mtu aliyetoka shambani, akatoweka usingizini. Kuanzia siku ile bawabu humwuliza kila aingiaye jina lake, na jina la mmoja wa wale ishirini na saba amtakaye, naye aingiaye humwombea rehema, na rehema hiyo inafika kwa wanaoistahili. Soko likaitwa Soko la Kalamu. Kisima kikapewa jina la Bi Ghanima.

Sultani Muntasiri akamtunukia Tufaha nyumba na bustani na dhahabu ya kumtosha maisha, na alipoitwa mbele aipokee hakutoka, kwa kuwa hakujua kwamba ameitwa. Luqmani akamtuma yule shangazi kupeleka posa kwake, kama kwa mwanamke yeyote asiyemjua, na akasubiri jibu miezi mitatu. Akakubaliwa, akatoa mahari mara ya pili, na kadhi alipouliza jina la bibi harusi, Luqmani akalisoma kwenye karatasi aliyoiandika mwezi mzima kabla, na wino ulikuwa mahali pake.

"Tufaha," akasema bibi harusi. "Jina zuri."

Baada ya harusi Luqmani akamwomba mkewe amchongee jiwe la kaburi la mtoto, akamtajia jina. Akalichonga vizuri kuliko kazi zake zote, na siku ya nane wakaenda pamoja kulitazama, wakazikuta herufi zote.

Tufaha akapitisha kidole ndani ya ile ya kwanza. "Alikuwa wa nani huyu?"

"Wetu," akasema Luqmani.

Akakaa chini kando ya jiwe, akasema, "Nisimulie," naye akamsimulia mpaka jua lilipokaribia kuchwa, na kesho yake wakarudi akamsimulia tena.

Hapa ndipo hekaya yangu inapoishia, nanyi mnaokwenda zenu mkapita penye malango na masoko na njia kuu, tazameni juu msome mnamtaja nani. Waliochoma vitabu hawapungukiwi na watu wa kuwataja, na mwanamke mmoja wa Samhari alimtoa mwanawe ili waliochomwa nao watajwe.