Mabehewa Yasiyolia

Mtu mmoja alikuwa na mabehewa mia moja na saba ya mizigo, na hakuna hata moja lililoweza kubeba kibaba cha mchele. Refu kuliko yote lilitosha kiganjani. Yalikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni kwake, katika kota za zamani za reli, yamepangwa kwa safu: ya ng'ombe, ya pamba, ya mafuta, ya makaa. Yote yalikuwa ya zamani, ya bati na chuma. Mengine yaliachwa na mabwana wa reli walipofungasha na kurudi kwao. Mengine mafundi wa karakana waliyaunda kwa vipande vilivyobaki, wakawapelekea watoto wao, na watoto wakakua wakayasahau darini. Mtu huyo alizunguka miaka na miaka akiyatafuta nyumba kwa nyumba. Msimcheke. Wapo humu ndani wanaokusanya mambo mabaya kuliko hayo, tena wameyapanga vizuri zaidi.

Jina lake Kapalala. Kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ya mizigo ikisimama, yeye hupita behewa hadi behewa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kila gurudumu mara moja, anasikiliza. Gurudumu zima hulia, na mlio wake hukaa hewani. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, puu, kama umegonga gogo. Hakuna treni iliyoondoka stesheni ile mpaka Kapalala ainue mkono. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja na hakukosea hata siku moja. Sikio lake ndilo lililokuwa sheria, na stesheni masta mwenyewe alilitii.

Alipostaafu aliihamishia kazi ile kabatini. Alipata kinyundo cha sonara, na kila behewa aliloletewa aligonga magurudumu yake kwanza. Ya zamani yalikuwa ya chuma cha kumimina, yanalia. Ya kuiga, yale yaliyoundwa juzi na kupakwa rangi ya uzee, hayalii. Wauzaji wa vitu vya kale walimwogopa mzee huyu kuliko polisi.

Rafiki yake aliitwa Mkwizu, Mpare mpole aliyekuwa gadi wa treni za mizigo, akikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Naye alikusanya. Walistaafu siku moja, mwezi wa Januari, na tangu hapo walijiwekea desturi. Kila Januari, siku ile ile, kila mmoja alichagua behewa lake bora akampa mwenzake akae nalo mwaka mzima. Waliiga reli mbili jirani, ambazo behewa la huku hutembea kule na la kule hutembea huku, na mwishowe kila moja hurudi kwao. Hawakuwekeana shahidi wala karatasi. Walifanya hivyo miaka kumi na minne, na wakipeana walishikana mikono na kunywa chai aliyoipika Nyamizi, mke wa Kapalala.

Januari ya kumi na tano, asubuhi, Mkwizu alirudisha behewa la kijani la kubebea pamba. Alipoondoka, Kapalala akachukua kinyundo akaligonga. Halikulia. Akagonga gurudumu la pili, la tatu, la nne. Puu, puu, puu. Akaligeuza kutafuta mkwaruzo aliouzoea chini ya mlango, na mkwaruzo ulikuwepo. Sasa tazameni akili ya mtu inavyofanya kazi ikishaingiwa na shaka. Badala ya kusema, basi ndilo lenyewe, alisema, kumbe ameiga mpaka mkwaruzo! Kilichokuja kumtetea rafiki yake alikigeuza kikawa cha kumshtaki.

Akatoa mengine yote ambayo Mkwizu aliwahi kukaa nayo, behewa la kila mwaka, akayagonga. Hakuna lililolia. Yale ambayo hayakuwahi kutoka nyumbani hakuyagonga. Ayagonge ya nini? Hayo hayakuwa na mshtakiwa.

Jioni Mkwizu alikuja kwa ajili ya kupeana, na Kapalala akatabasamu. Alikuwa na behewa moja la bandia kabisa, alilolitunza nyuma ya kabati ili awaonyeshe watu jinsi bandia ilivyo. Akalifuta vumbi akampa Mkwizu, akamwambia, hili ndilo bora mwaka huu. Mkwizu alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama kidogo, akamtazama Kapalala, kisha akasema ahsante kaka.

Kuanzia hapo Kapalala hakuwa na raha. Alibadilisha kufuli la kabati, ufunguo akauvaa shingoni. Mkwizu akija kunywa chai, akishaondoka mabehewa yanahesabiwa. Ndipo akaanza kuona mengine. Akitoka uani kurudi sebuleni, anamkuta mkewe na Mkwizu wameinamiana, midomo inacheza, sauti haisikiki. Zamani walikuwa wakiongea wakicheka mpaka jirani anasikia. Akauliza, "Mnanong'ona nini?" Nyamizi akasema hawanong'oni, wanaongea habari za mvua. Mvua! Watu wazima wananong'onezana habari za mvua? Akaliweka neno hilo pamoja na mengine moyoni.

Kisha mkewe akaanza kumpigia kelele. Mwanamke aliyekaa naye miaka arobaini kwa upole, sasa akimwita chakula anafoka kama anafukuza mbuzi shambani. Kapalala akasema, heshima imekwisha nyumba hii, na aliyeimaliza namjua. Kengele ya parokia nayo ikawa na sauti ya sufuria. Alimwendea katekista akamwambia kamati imeuza kengele halisi na kutundika ya bei rahisi. Redio aliipeleka kwa fundi mara tatu. Nyamizi akamsihi, mume wangu, twende hospitali ya mkoa ukapimwe. Aha, Kapalala alijisemea, wanataka nitoke nyumbani siku nzima.

Januari ilipofika tena, wastaafu wengine wa reli walikuwa wamekaa barazani kwa Kapalala. Mkwizu akaja na behewa limefungwa kwenye kitambaa cheupe, kama ilivyo desturi. Kapalala hakumpa kiti. Alisimama mbele ya wote akasema kwamba mtu huyu kwa miaka kumi na mitano amekuwa akichukua halisi na kurudisha bandia, na kwamba kama ameiba chuma kabatini, Mungu ndiye ajuaye ameiba nini kingine nyumbani mle. Nyamizi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na alisikia kila neno. Akaliweka sinia chini akaingia ndani. Mkwizu alisema kitu, kifupi, kwa sauti ndogo, na Kapalala hakukishika. Akahesabu kwamba mwizi akibanwa hujiumauma tu.

Kesho yake kulipopambazuka palikuwa na sanduku la bati kizingitini. Ndani yake mlikuwa na mabehewa yote ya Mkwizu, sitini na zaidi, makusanyo ya maisha yake. Mtu alikuwa ameambiwa ni mwizi, naye akaleta kila alicho nacho ili mwenye mali achague mali yake. Kapalala akakaa chini, akayagonga moja moja. Hakuna hata moja lililolia. Jamani, hapo si ndipo mtu angeshtuka? Mwizi gani huyo anayeiba halisi miaka kumi na mitano, halafu akabaki na bandia tupu? Lakini yeye alisema, amekwisha kuyauza. Akafunga sanduku, akashukuru kwamba mambo yamedhihirika.

Alitaka mtu wa kazi amthibitishie. Akaliweka lile behewa la kijani mfukoni akaenda yadi, kwa mkaguzi wa sasa, mama wa makamo aitwaye Chausiku. Alikuta treni ya mizigo imeingia, na Chausiku anapita na nyundo, anagonga na kwenda, anagonga na kwenda. Kapalala akasimama kando ya njia akisikiliza. Puu. Puu. Puu. Mama yule alikuwa anapita juu ya nyufa kama haoni! Akakimbia, mzee wa miaka sabini na ushei, akampokonya nyundo, akapiga kelele treni isiondoke. Akagonga gurudumu, limekufa. Akagonga la pili, limekufa. Aligonga behewa la tatu, la saba, la kumi na moja, jasho likimtoka, na dereva amechungulia dirishani, na wapakiaji wameacha magunia wanamtazama. Yote yalikuwa yamekufa. Treni nzima ilikuwa na ufa.

Chausiku alimfikia akamwamkia shikamoo, kwa adabu, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado linatajwa pale yadi. Kisha akaichukua nyundo, akaushika mkono wa mzee, akauweka juu ya ukingo wa gurudumu. Akagonga. Akamsogelea sikioni akasema kwa nguvu zake zote:

"Mzee wangu, linalia! Linalia vizuri kabisa. Wewe ndiye husikii!"

Wazo la kwanza lililomjia Kapalala lilikuwa kwamba Mkwizu amekwisha kumfikia mama huyu pia. Naam, hata hapo. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya chuma, na chuma kilikuwa kinatetemeka, mtetemo mrefu, mwembamba, unaopanda mpaka kwenye kiwiko. Mtetemo ule aliujua miaka thelathini na mmoja. Chausiku akagonga tena, ukaja tena. Kapalala akachuchumaa kwenye kokoto, akakaa hapo mpaka treni ikaondoka. Hakuna aliyengoja ainue mkono.

Alirudi nyumbani akafungua kabati. Akatoa behewa la makaa alilolipata kabla hajamjua Mkwizu, ambalo halikuwahi kutoka nje ya mlango ule, akaligonga. Puu. Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yake. Mwaka mzima alikuwa akimfokea ili asikie, na leo hakumfokea. Alimvua ule ufunguo shingoni, akautupa mezani, akamwonyesha mlango kwa kidole. Kapalala alijua anatumwa wapi.

Mkwizu alikuwa kizingitini kwake akipukuchua maharage. Kapalala hakuketi. Alisema yote, na alisema kwa sauti kubwa mno kwa sababu alikuwa hajisikii, hata nyumba za jirani zikatoa watu. Alisema kwamba masikio yake yamekufa na hakujua. Alisema kwamba alimwita mwizi mtu ambaye hakuwahi kuchukua kitu. Alisema kwamba katika mambo yote yale bandia ilikuwa moja tu, na aliitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akitabasamu. Alilia bila kujizuia. Akamwomba rafiki yake msamaha, tena mara mbili, akiogopa kwamba mara ya kwanza haikutoka vizuri.

Mkwizu hakuinua uso. Alipukuchua ganda moja, akalitupa, akapukuchua la pili. Kisha akajibu. Kapalala aliiona midomo ikienda. Lilikuwa jibu la maneno machache, matano au sita, na Mkwizu hakuwa mtu wa kupaza sauti hata siku za kazi. Halafu akainuka na ungo wake akaingia ndani, bila kuharakisha, na mlango hakuufunga wala hakuufungua zaidi.

Basi Kapalala alisimama pale nje. Jibu alilolitaka kuliko kitu chochote duniani lilikuwa limekwisha kutolewa, na yeye hakulisikia. Labda aliambiwa karibu. Labda aliambiwa asirudi tena. Mwaka mzima kila asichokisikia alikijazia ubaya, na ubaya ule ulimjia kwa urahisi, hakuhitaji kuutafuta. Sasa alijaribu kujaza wema, akaona hajui pa kuanzia. Kilichobaki ni maneno mawili tu, madogo, ambayo angeyasema tangu Januari ile ya behewa la kijani asingepoteza rafiki, wala asingemwaibisha mke wake mbele ya watu. Ilimpasa kuita mlangoni na kusema, "Rudia, sikusikia." Mdomo aliufungua. Mimi sitawaambia kama sauti ilitoka.

Ninawauliza ninyi mliokaa hapa na masikio mazima, mnaowajua wanaonong'ona na kinachonong'onwa: mara ya mwisho kumwambia mtu maneno hayo mawili ilikuwa lini?