Pimbi Aliyesinzia Kwenye Zamu ya Maji

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za fito na udongo kama babu zetu, kulikuwa na kijiji kwenye mteremko wa mlima. Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, nataka nisikie ninachosema.

Kijiji hicho kilikuwa na mfereji mmoja tu wa maji, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu ikifika unaufungua, unamwagilia shamba, ukimaliza unauziba kwa gogo la mgomba na udongo. Sheria ilikuwa moja: maji ya zamu yako ni yako, na yakiharibu cha jirani, utatengeneza mwenyewe. Hakuna cha mfuko wa kijiji wala cha fidia.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kanyama kadogo, mkia hakana, ila maneno kanayo tele. Alifungua mfereji alfajiri, maji yakaingia kwenye maharage yake, chururu, chururu. Baridi ya mlimani ikamkaza mpaka meno yakagongana.

"Acha niote jua kidogo juu ya lile jiwe," akajisemea. "Dakika moja tu."

Dakika moja! Jua likampiga tumboni, akalala fofofo. Maji yakajaa kwenye maharage, yakavuka tuta, yakateremka mpaka kwa jirani yake, Bibi Kanga.

Pwaa! Ukuta chini.

"Uwiii! Jamani, nyumba yangu!"

Pimbi akakurupuka, mbio. Alipofika, ukuta wote wa upande wa upepo ulikuwa tope, zimebaki fito tupu. Ndani, kwenye kona iliyobaki kavu, Bibi Kanga alikuwa amelalia mayai yake tisa, mbawa ameyatandazia, anatetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba ya nini, Pimbi? Mayai yangu yamebakiza siku mbili kuanguliwa. Upepo wa usiku ukiingia humu, nitaangua nini? Mawe?"

"Nisamehe, bibi. Nilisinzia."

"Nimekusamehe. Haya, ukuta uko wapi?"

Pimbi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akaingia kwenye tope, akaanza kulikanyaga. Mnajua wenyewe, udongo wa kukandika ukuta haunati mpaka ukanyagwe sawasawa na nyasi. Chap, chap, chap. Mpaka saa sita mchana alikuwa amekanyaga udongo wa kuziba tundu la panya tu.

Akakimbilia kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee Tembo. Nakuomba miguu yako. Lile tope la kwa Bibi Kanga wewe ungelimaliza kabla chai haijapoa."

"Zamu ya maji ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Basi na miguu iwe yako." Tembo akaendelea kula ndizi.

Kwa Kifaru hata salamu haikuitikiwa. "Niondokee hapa," alifoka, "kabla sijaanza kukukanyaga wewe!"

Pimbi akakaa njiani akaiangalia miguu yake midogo. Angefanya nini, na jua lilikuwa linasogea? Mara akakumbuka jambo. Sikukuu ya mavuno iliyopita, Tembo na Kifaru waligombana nani anajua kucheza ngoma kuliko mwenzake, na tangu siku ile hawasalimiani.

"Ahaa!" akasema.

Alirudi mbio, akakaza kamba za fito, akamwaga nyasi kavu juu ya tope, akachukua ngoma yake. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi!

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo! Anatafutwa mchezaji bora wa mlima mzima!"

Tembo huyo, masikio kayatanua. Kifaru naye huyo, anahema kwa hasira.

"Mbona uwanja una maji?" akauliza Kifaru, ambaye macho yake, mnajua, hayaoni mbali.

"Mkicheza pakavu nyinyi, bwana mkubwa, vumbi litafunika kijiji. Nani atawaona?"

"Na nyasi hizi?" akauliza Tembo.

"Msije mkateleza, wazee wangu, mkaumbuka mbele za watu."

"Kijana ana adabu," wakasema wote wawili, wakaingia, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake tu, wala hawakukumbuka kwamba hapo ni kwa Bibi Kanga.

Puu! Puu! Puu! Mlima ukatikisika. Pimbi anapiga ngoma kwa mkono mmoja, kwa mwingine anaongeza maji. "Mzee Tembo, unapitwa! Kifaru, ndiyo kuchoka huko?" Tope likalainika kama ugali wa shughuli.

"Raundi ya pili! Kurusha tope! Litakalonata kwenye zile fito ndilo linalohesabiwa!"

Tembo akarusha kwa mkonga, Kifaru akachota kwa miguu ya nyuma. Pwata! Pwata! Pimbi, ngoma begani, akawa anapita baada yao akilisawazisha kwenye fito kwa viganja. Kutoka ndani alimsikia Bibi Kanga akicheka chinichini.

Mwishowe Kifaru akasogea ahesabu tope lake. Akasogea mpaka pua ikagusa.

"Tembo, hebu njoo. Hiki ni nini?"

"Ni ukuta."

"Ukuta?"

Wakageuka pamoja. Ngoma ikamdondoka Pimbi. Ufa wa jiwe lake, ambamo angeweza kujificha, ulikuwa hatua kumi tu, na mbio anazo. Lakini akikimbia, hasira zao watazimalizia wapi kama si kwenye ukuta? Akaenda akasimama mbele yake, mikono kaitanua.

"Nimewadanganya, wazee wangu. Maji yalikuwa yangu na kosa ni langu. Nikanyageni mimi, ila ukuta uacheni. Nyuma yake kuna mayai tisa."

Tembo akainua mguu. Pimbi akafumba macho.

"Wee Tembo!" Bibi Kanga akaita kutoka ndani. "Ngoma yenu imefika mpaka mayaini! Njoo usikie!"

Tembo akabandika sikio ukutani. Ko. Ko. Ko-ko. Vifaranga walikuwa wanagonga maganda.

Mguu ukashuka polepole, pembeni.

"Kumbe wananijibu," Tembo akanong'ona.

"Wakujibu wewe?" Kifaru akang'aka. "Wananijibu mimi!"

Baada ya siku mbili wakaanguliwa wote tisa, ndani ya nyumba kavu, na wale wakubwa wawili mlangoni wakibishana kifaranga yupi anacheza kama nani. Tangu hapo, maji yakibomoa nyumba ya mtu kijijini pale, hupigwa ngoma, na wazito ndio hufika wa kwanza. Pimbi naye, zamu yake ikifika, hukaa miguu ndani ya mfereji wa baridi mpaka auzibe. Lile jiwe huliangalia kwa mbali.

Ukimlowesha jirani usijifiche, na jirani akilowa usianze kuuliza zamu ilikuwa ya nani.