Bi Pimbi na Ushuru wa Kivukoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na wakwe wa kuwasumbua kama sisi, kulikuwa na mto mmoja wenye kivuko kimoja tu. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Hadithi hii ina mahali pa kuogopesha na sitaki umeze makapi.

Upande huu wa mto waliishi wanyama wadogo. Kanga aliuza mayai, Kobe mboga, Nungunungu viazi vikuu. Bi Pimbi, mjane mwenye binti mmoja, alikwangua chumvi majabalini. Gulio lilikuwa ng'ambo, na pale kivukoni Mfalme Simba alikaa juu ya kigoda akitoza ushuru.

"Nusu ya mzigo! Weka hapo, pita! Nusu ya mzigo!"

Asiye na cha kutoa aliacha rehani: kama ni jembe, jembe, kama ni mtoto, mtoto.

Wangevumilia, jamani. Mfalme naye ana tumbo. Kilichowachoma roho ni mafisi.

Mafisi walikuwa maadui wa nchi ile. Walishuka kutoka vilimani wakaua na kupora, na wanyama wadogo walisimama pamoja na Simba kuwafukuza. Kobe alipasuliwa gamba katika vita hivyo. Halafu, vumbi la vita halijatua vizuri, Simba akachanjiana na mkubwa wa mafisi, Mzee Kingugwa!

Mnajua kuchanjiana? Wawili wanachanjwa chale kifuani. Ini linachomwa, kila mmoja analipaka damu yake, na mwenzake analila mbele ya mashahidi. Kuanzia hapo ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Siku ile Kingugwa ndiye aliyetunga kiapo, maana alitaka ukoo wake wote uingie: "Damu yako damu yangu. Mtoto wako mtoto wangu. Ndugu wa ndugu yangu ni ndugu yangu. Atakayevunja, tumbo limvimbe mpaka lipasuke!"

Basi tangu siku hiyo mafisi wote wakapita bure. Tena walipita na chumvi! Ilikuwa chafu, imechanganyika na mchanga, lakini bei yake ilikuwa ya kutupa, kwa kuwa hakuna aliyeikata nusu kivukoni.

"Sisi tuliomwaga damu tunatozwa," Kobe alinung'unika kisimani, baada ya kutazama nyuma kwanza. "Waliotupasua wanapita wakicheka."

"Sema polepole, babu," Kanga alimwambia. "Upepo unaelekea kwao."

Siku moja ya gulio Bi Pimbi alifika kivukoni na mfuko wake wa chumvi, na binti yake Sikudhani mgongoni.

"Shikamoo Mfalme. Nusu yako hii hapa."

"Chumvi?" Simba akapiga mwayo. "Ghala langu limejaa chumvi waliyoniuzia ndugu zangu. Wewe utanilipa mtama."

"Mtama nitautoa wapi, Mfalme, kabla sijauza?"

"Kauze. Mtoto mwache hapa."

Alimwacha. Angefanya nini? Akashinda gulioni juani, na hakuna aliyemuuliza bei. Wote walikuwa kwa mafisi. Jioni alirudi na mfuko ule ule umejaa, akamkuta Mzee Kingugwa amechuchumaa karibu na mtoto, akimnusa shingo. Snf! Snf!

"Ana kamafuta huyu," Kingugwa alisema. "Kwi kwi kwi!"

Bi Pimbi aliutua mfuko. Akapiga magoti kwenye matope.

"Mfalme, nakuomba. Baba yake alikufa vitani mwako. Nirudishie mwanangu."

Simba hakumtazama. Alikuwa akimtazama Kingugwa, na Bi Pimbi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: ncha ya mkia wa mfalme ilikuwa inatetemeka. "Sheria ni sheria," Simba alisema haraka haraka. "Gulio lijalo usipoleta mtama, rehani ni kitoweo cha mgeni."

"Mama!" Sikudhani alilia. "Mama, usiniache na huyu!"

Bi Pimbi aliondoka na kilio kile masikioni. Alikwenda nacho mpaka nyumbani, akalala nacho, akaamka nacho. Kila aliposikia jani likianguka, alidhani ni meno yanafunga. Na katikati ya hofu yote hiyo, ule mkia unaotetemeka haukumtoka akilini. Kumbe mfalme hawapendi mafisi. Anawaogopa! Wanaomtisha anawaachia, na wasiomtisha anawakamua.

Akanyanyuka. Akaubeba mfuko wa chumvi mpaka kwa Tumbusi, mwuza nyama, ambaye alihitaji chumvi ya kukaushia.

"Nipe ini."

"Wewe?" Tumbusi alicheka. "Tangu lini mla majani akala ini?"

"Nipe tu, kaka yangu."

Akapewa ini la nyumbu aliyeteleza kivukoni. Kutoka hapo akawaita Kobe, Kanga na Nungunungu nyuma ya majabali, akawaeleza analotaka kufanya.

"Umerukwa na akili!" Kanga alipapatika. "Atakumeza mzima!"

"Pengine. Lakini nikipona, tumepona sote. Nichanjeni."

Wakatazamana. Kobe ndiye aliyetangulia kusogea, na Nungunungu akachomoa mwiba wake mmoja kuwa wembe. Wakachanjana wanne, wakalishana vipande vidogo vya ini huku wanakunja nyuso, wakala kiapo kile kile alichotunga Kingugwa. Ini lililobaki Bi Pimbi alilikata mapande mawili, akayachoma mpaka yakanukia mtaa mzima. La kwanza alilipaka damu ya chale zake. Ndani ya la pili alisokomeza mwiba wa mgunga.

Siku ya gulio ikafika. Kivukoni kulijaa wanyama na mizigo yao. Simba alikuwa kigodani. Kingugwa alikaa pembeni yake, na Sikudhani alikuwa amefungwa kamba mguuni, machozi yamekwisha.

"Mtama uko wapi?" Simba aliuliza.

"Sina mtama, Mfalme. Nimeleta kitafunio cha mgeni wako."

Akafunua jani. Fuuu! Harufu ya ini ikatoka. Kingugwa akasimama, udenda ukidondoka, do, do, do.

Mnyama yeyote mwenye adabu angeuliza: ini hili ni la nini, limetoka wapi, mbona lina wekundu juu? Lakini nani amewahi kumwona fisi akikiuliza maswali chakula?

Bi Pimbi alinyoosha mkono na pande la kwanza. Aliusogeza polepole hivi, mnaona? Hivi! Domo lile likashuka, likafunika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Akahisi joto la ulimi. Akafumba macho.

Nyam! Ini limekwenda. Mkono umebaki.

"Lingine!" Kingugwa alinguruma.

Akampa la pili. Kacha!

"Yalaaa!" Mwiba ulikuwa umemwingia mdomoni. Akatema ini chini, na damu yake imelitapakaa.

Hapo ndipo, wanangu, palikuwa pa kufa au kupona. Pande lile lilianguka katikati ya miguu yake ya mbele. Bi Pimbi alijitupa chini ya kidevu cha fisi, akalidaka kwa meno, akameza. Lilikwama. Akameza tena. Kucha zilimpitia mgongoni, chwaa! Alibingirika hadi miguuni pa Kobe, akasimama huku anavuja damu, akapaza sauti mpaka ng'ambo ikasikia:

"Damu yako damu yangu! Mtoto wako mtoto wangu! Ndugu wa ndugu yangu ni ndugu yangu! Atakayevunja, tumbo limvimbe mpaka lipasuke!"

Kisha Kobe akasema kwa sauti nyembamba, "Nimeshuhudia."

"Nimeshuhudia!" akasema Kanga. Na Nungunungu. Na kivuko kizima.

Kingugwa alikuwa amekwisha inama kummaliza. Midomo ilikuwa inchi moja tu kutoka shingoni mwa Bi Pimbi. Akaona zile chale mbichi kifuani mwake, akakumbuka wekundu wa ini, na taratibu akashika tumbo lake.

"Nimekula nini?" alinong'ona.

"Umenila mimi, ndugu yangu. Nami nimekula wewe. Kobe, Kanga na Nungunungu nimechanjiana nao pia, kwa hiyo ni ndugu zako, na ndugu zako ni ndugu za Mfalme. Na yule uliyemfunga kamba ni mwanao. Mle, kama unataka kujua tumbo linapasuka vipi."

Simba alinguruma kutoka kigodani. "Upuuzi! Huo ni ujanja, si kuchanjiana. Kiapo hicho hakina nguvu!"

Bi Pimbi alikuwa anaogopa kiasi cha kutoona vizuri, lakini aligeuka. "Chale zipo, Mfalme. Ini limeliwa. Mashahidi wapo. Kiapo ni neno kwa neno alichokula na wewe. Kama hiki hakina nguvu, chako kina nini?"

Kingugwa akainua kichwa polepole, akamtazama Simba. Nyuma yake mafisi wengine waliacha kucheka, mmoja mmoja.

"Ndiyo," alisema Kingugwa. "Hebu tueleze, ndugu yangu. Chako kina nini?"

Mkia wa mfalme ulianza tena. Safari hii kila mtu aliuona.

"Kina nguvu," Simba alisema. "Vyote vina nguvu. Mfungueni mtoto. Piteni. Piteni wote!"

Nungunungu alikata kamba. Sikudhani alimrukia mama yake kifuani, akang'ang'ania hapo hapo kwenye chale, na Bi Pimbi hakusikia maumivu hata kidogo. Kanga alipita na mayai yake yote. Kobe alipita akilia.

Bi Pimbi alipofika mbele ya kigoda, Simba aliinama akamnong'oneza, asisikike na wengine: "Kwa nini umenifedhehesha hivi? Si ungeniomba tu?"

"Nilikuomba, Mfalme. Nilipiga magoti kwenye matope hapo hapo ulipoweka mguu. Kingugwa hajawahi kukuomba kitu."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaingia majini.

Hadithi yangu imevuka mto, na nyinyi nendeni mkalale na funzo lake: mtawala anayewasamehe anaowaogopa na kuwatoza wanaompenda, anawafundisha wote njia ya kumtisha.