Kisima Kilichopo kwa Mujibu wa Sheria

Hodi, wenye masikio.

— Karibu, mwenye mdomo.

Nimekuja na ngano mgongoni.

— Itue, tuifungue.

Ina uongo ndani yake.

— Na kweli imo?

Imo. Mtapepeta wenyewe.

— Basi mwaga.

Hapo kale, katika nchi ya Makorongoni, alitawala Kiboko. Alikuwa mkubwa, mkubwa hasa. Akipiga mwayo, popo walidhani wameonyeshwa pango jipya. Na alikuwa mlaji. Asubuhi anakula, mchana anakula, jioni anauliza kuna nini cha kula.

Mwaka huo mvua iligoma. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Lilisalia dimbwi moja tu, na dimbwi hilo lilikuwa la mfalme. Wanyama wengine wote walikwenda kutafuta maji ng'ambo ya vilima. Waliondoka alfajiri na kurudi jua likizama, na wako walioondoka wasirudi. Ndama wa Nyati walikuwa wakilamba mawe asubuhi, wakitafuta umande.

Basi Kunguru, mpiga mbiu wa mfalme, akapita nchi nzima, kraa, kraa, akitangaza kwamba mfalme amewaonea huruma raia wake na atawachimbia kisima. Ila kila nyumba ilete kikapu cha chakula kwa ajili ya wachimbaji, kwa maana mchimbaji mwenye njaa hachimbi, hulala. Wanyama wakaona ni haki. Ngiri akaleta viazi, Kanga akaleta mtama, Nungunungu akaleta maboga aliyokuwa ameyaficha tangu mavuno. Wakamkabidhi Fisi, Mweka Hazina, naye akapokea kwa mikono miwili huku akiusifu uzalendo wao na kumeza mate.

Chakula kikaenda, kisima hakikuja.

Ikaja kodi ya kamba ya kisima. Wakalipa, kisima hakikuja. Ikaja kodi ya ndoo ya kisima. Wakalipa, kisima hakikuja. Ikaja kodi ya kivuli, ili watakaopanga foleni kisimani wasije wakaungua na jua. Hiyo nayo wakalipa, huku wanaungua na jua.

Msidhani kodi hizo zilitoka hewani. Kila moja ilipitishwa na baraza, kwa utaratibu. Wajumbe walikaa kwenye duara, kila mmoja akapewa kipande cha boga. Fisi akasoma hoja, kisha akawauliza kama wanaafiki. Sasa mdomo uliojaa boga utasema nini? Wakasema, "Mmm." Fisi akatangaza kwamba wajumbe wote wameafiki kwa kauli moja.

Siku moja Swala alisimama katikati ya baraza. Alikuwa na mtoto mgonjwa wa kiu, na nadhani hilo ndilo lililomsimamisha, kwa sababu Swala kwa kawaida ni mwoga, hata jani likianguka yeye yuko mbali. Akasema, "Mtukufu, mimi nimelipa kila nilichoambiwa. Naomba tu kuonyeshwa kisima kiko wapi, mwanangu akanywe."

Kiboko akaacha kutafuna. Kwa Kiboko, hilo ni jambo zito.

Kabla jua halijazama, Swala alikuwa amefungiwa ndani ya boma la miiba, na baraza lilikuwa limepitisha sheria mpya: ni marufuku kusema kwamba kisima hakipo, na ni marufuku kuuliza kiko wapi. Fisi akasimika kibao kwenye uwanja mkavu mbele ya ikulu, kimeandikwa MRADI WA KISIMA. Nyuma ya kibao hapakuwa na kitu. Mbele yake pia.

Sasa katika nchi hiyo aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mfupi wa majabalini, hana mkia, hana pembe, hana hata shingo ya kujivunia. Swala alikuwa jirani yake. Siku alipofungwa, Bi Pimbi ndiye aliyemchukua yule mtoto mgonjwa akamlaza kwenye kivuli cha jabali, akawa anamlowesha midomo kwa umande. Alikuwa na hasira hata chakula hakipiti.

Akawaita wanyama majabalini kwake. Nyati alitaka waende ikulu wakapigane. Bwana Kobe akauliza ni nani atakayetangulia, na hapo kila mtu akatazama vidole vyake. Kanga akashauri wahame nchi. Ngiri akashauri waache kulipa, lakini akakumbuka boma la miiba, akasema hapana, yeye alikuwa anawaza tu kwa sauti.

Bi Pimbi akawasikiliza mpaka wakanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nashauri tutii sheria."

Wakamtazama. Nyati akamuuliza kama jua limempiga.

"Sheria inasema kisima kipo," akasema Bi Pimbi. "Mtu akikuambia kuna maji, wewe hufanya nini? Huchukui chombo ukaenda kuteka? Basi kesho tukateke."

Akawaeleza shauri lake lote, wakacheka mpaka Kobe akaangukia mgongo, ikabidi wamgeuze.

Mchana uliofuata, mfalme na Mweka Hazina wakiwa wamelala kwa shibe, wanyama waling'oa kile kibao taratibu. Wakakisimika bondeni, kwenye mchanga wa mto, chini ya mkuyu mmoja ambao majani yake hayakuwa yamenyauka hata kwa kiangazi kile. Halafu wakaja na ndoo na kamba, wakapanga foleni.

Nyati akateremsha ndoo juu ya mchanga mkavu. Kwicha, kwicha, kwicha. Akavuta. Kwicha, kwicha, kwicha. Akainamia ndoo tupu akanywa, kugu, kugu, kugu, akajipangusa midomo, akashukuru. Akaja Ngiri. Kwicha, kwicha, kwicha. Kugu, kugu, kugu. Akaja Kanga, naye akasema haya ya leo yana baridi, yanauma meno. Wakamkumbusha kwamba hana meno. Akasema ndiyo maana.

Wakaondoka wakiimba, wakapita mbele ya ikulu:

*Kisima kipo, kipo, kipo,*
*Sheria yasema kipo,*
*Anayebisha hayupo.*

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na kila walipopita, walikwenda kwa kishindo, vifua mbele, kama watu walioshiba maji. Nyumbani walikuwa wakianguka chini wakihema. Lakini mbele ya ikulu, vifua mbele.

Kiboko akaanza kukosa raha. Wakati huo dimbwi lake lilikuwa limekuwa tope, na tope linakuwa udongo, na ngozi ya mgongo wake inapasuka. Akamwita Fisi.

"Fisi," akasema, "kisima kipo?"

"Kipo, Mtukufu."

"Nakuuliza kweli, tuko wawili."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Aliijua ile sheria, maana aliiandika yeye. Akaona huu ni mtego. "Kipo, Mtukufu," akasema. "Kilipitishwa kwa kauli moja."

Kiboko akamfukuza akabaki anawaza. Kama kisima kipo, nani amekichimba? Kama Fisi amekichimba, amekichimba kwa chakula gani, na kwa nini hakumwambia? Na watu wadogo wanakunywa maji baridi wakati yeye, mwenye nchi, anagaagaa kwenye tope. Fisi naye huko aliko alikuwa anawaza: Kumbe mzee amechimba kisima akanificha. Wezi wakianza kushukiana, mwenye nyumba apumzike.

Asubuhi moja Fisi hakuvumilia. Akateremka bondeni kwa kujificha, akaona kibao, akaona mchanga, akaunusa huku na huku, akaondoka amechanganyikiwa. Hakuuliza neno. Lakini nyayo zake zilibaki, na Bi Pimbi alikuwa juu ya jabali ameziona.

Jua lilipopanda, akaja Kiboko mwenyewe. Ardhi ikalia ndi, ndi, ndi. Foleni ikampisha. Akafika mbele ya kibao, akatazama chini, akaona mchanga. Akataka kuuliza kisima kiko wapi, akaikumbuka sheria, akafunga mdomo. Wanyama walimtazama kwa heshima kubwa.

"Maji," akasema mwishowe, "yakoje leo?"

"Matamu, Mtukufu," akajibu Bi Pimbi. "Ila yameshuka kidogo. Sisi midomo yetu ni midogo, tunaridhika na ya juu."

Kiboko akainama, akalamba. Mchanga. Akageuka akamwona Kanga anajipangusa mdomo.

Bi Pimbi akateremka jabalini akamsogelea sikio. "Mtukufu, mimi si mtu wa maneno. Lakini Mweka Hazina alipita hapa mapema. Nyayo zake hizo. Sijui alifika chini kiasi gani, ila alirudi anajilamba."

Kiboko aliziona zile nyayo, mwili ukamchemka. Akatia meno mchangani.

Fuku, fuku, fuku. Mchanga ukaruka. Fuku, fuku, fuku. Akafika magotini, akapumzika. Nyati akamwambia Ngiri, kwa sauti ya kusikika, kwamba hapo ni pa watoto, Fisi alivuka hapo. Fuku, fuku, fuku. Akafika tumboni, akapumzika. Kobe akasema taratibu kwamba wenye mamlaka huwa wanakunywa ya chini. Fuku, fuku, fuku. Akafika mabegani. Mchanga ukawa wa baridi. Mchanga ukawa na unyevu. Wanyama walisogea ukingoni wakatazama, na Bi Pimbi alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mkuyu mbichi huonyesha maji chini, lakini unaweza kukudanganya, nao walikuwa hawana tena nguvu ya siku nyingine.

Mara wakasikia: chururu. Halafu: chururu, chururu, bubu bubu bubu.

Maji.

Kiboko akanywa, akanywa, akajigaragaza, akacheka peke yake. Aliposhiba akataka kutoka. Akaegemeza mguu, mchanga ukateleza, pwaa. Akaegemeza mwingine, pwaa. Kodi ya kamba, kodi ya ndoo na kodi ya kivuli zote zilikuwa tumboni, nazo ni nzito.

"Nitoeni," akasema.

Bi Pimbi akachungulia. "Tukutoe wapi, Mtukufu?"

"Humu shimoni."

"Sisi hapa hatuoni shimo. Tunaona kisima chetu, kile tulichokilipia siku nyingi."

Hasira zikampanda Kiboko, akasahau alipo na yeye ni nani. "Kisima gani?" akanguruma. "Hapajawahi kuwa na kisima nchi hii. Mlitoa chakula nikala mimi na Fisi. Shimo hili nimelichimba mwenyewe sasa hivi, kwa meno yangu."

Nchi nzima ilikuwa ukingoni, na nchi nzima ilisikia.

Bi Pimbi akasikitika, akatikisa kichwa. Akasema ni bahati mbaya, kwa maana sheria ni kali: anayesema kisima hakipo anafungwa. Nyati akasema kweli, lakini huyu mbona tayari yuko ndani. Wakakubaliana kwamba mfalme wao ni mtiifu ajabu, amekosa na amejifunga mwenyewe, hata mlinzi hahitajiki.

Waliteka maji siku ile mpaka ndama wakashiba. Na mtoto wa Swala akanywa, akasimama, akatembea.

Kiboko alipoona ndoo zinashuka na kupanda karibu na sikio lake, na kiburi kimemwisha, akauliza kwa upole wanataka nini. Bi Pimbi akamwambia wanataka Swala atoke bomani sasa hivi. Wanataka ile sheria ifutwe. Na kuanzia leo, baraza likae wazi, kila aliyelipa awe na ruhusa ya kusikiliza na kuuliza, na wajumbe wasipewe maboga mpaka wamalize kupiga kura. Kiboko akakubali. Wakamtaka arudie kwa sauti, akarudia. Fisi aliposikia hayo alikuwa tayari ng'ambo ya vilima, na mpaka leo anazunguka huko usiku akicheka, ingawa hakuna anayejua kinachomchekesha.

Kisha wakafunga kamba, wakavuta, hoo, vuta, hoo, vuta, wakamtoa.

Hawakumwondoa kwenye ufalme. Yeye alisema kwamba kisima ni kazi yake, na ukweli ni kwamba alikichimba. Kila mgeni aliyefika Makorongoni alipelekwa bondeni akaonyeshwa, huku mfalme akieleza jinsi kiongozi bora asivyoogopa kuchafua mikono. Wanyama walimwacha aseme, wakaendelea kuteka. Swala ndiye aliyekuwa akikaa mbele kabisa barazani, na kila mtu alipomaliza kusoma hoja, yeye alisema, "Nina swali."

Sasa, wenye masikio, ngano bila funzo ni mboga bila chumvi. Funzo lake ni hili: raia mwema haulizi. Raia mwema hulipa, husifu, hujipangusa mdomo akaenda zake. Msiwe kama Bi Pimbi, mtu wa fitina, asiye na mkia wala adabu. Waachieni wakubwa kazi ya kisima, maana wakiachiwa peke yao, wakiongezewa kiu kidogo, huchimba vizuri sana.

Ngano nimeitua.

— Nasi tumeipokea.

Mwenye kichwa ajitwike.

— Na mwenye swali?

Huyo abaki, tuzungumze.