Mtama wa Mtemi Lugoye

Aliyekimbia vita hakubeba kinu. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Milembe asubuhi, redio ilipotangaza kuwa serikali inapeleka mjumbe na shehena ya chakula kwenye nchi inayopigana. Aliguna, akasema hayo, akaendelea kuchambua mboga zake. Nanyi mkaja mbio kuniuliza kinu kimeingiaje kwenye vita. Kaeni basi. Methali hii ina kwao, na ilizaliwa hivi.

Zamani palikuwa na nchi ya Buseli, na mtemi wake aliitwa Lugoye. Ng'ambo ya mto wao zilikuwako nchi mbili, Igulu na Mwambo. Watu wa Buseli walioa Igulu na chumvi waliipata Mwambo, kwa hiyo nchi hizo zilipoanza kupigana kwa ajili ya malisho, Buseli ilikaa kama mtu ambaye shemeji yake na rafiki yake wameshikana mashati sebuleni kwake. Igulu wakashindwa. Wazee, wanawake na watoto wao wakavuka mto, wakakaa kwenye mbuga ya mpakani upande wa Buseli.

Mtemi aliita baraza. Wanyampara, wakuu wa vijiji vyake, walisema siku nzima, kama ilivyo desturi ya mabaraza, na jioni wakakubaliana mambo mawili. Mzee Mihambo, mjumbe wa mtemi, aende Mwambo kuomba vita visimame. Nao waliokimbia wapelekewe mtama, ila wasitoke pale mbugani, Mwambo wasije wakasema Buseli imechagua upande.

Sasa sikilizeni desturi ya Buseli, maana hapo ndipo penye kisa. Kwao mgeni hakupewa unga. Unga ni wa mtu wa nyumbani. Ukimpa mtu unga mbele ya macho ya watu, umesema huyu ni ndugu yangu, na ugomvi wake ni wangu. Mgeni wa heshima alipewa mtama mzima, punje safi zinazoonekana moja moja. Basi mizigo sitini ya mtama mzima ikapelekwa mbugani, mizuri kwelikweli, na baraza likarudi nyumbani likiwa limeridhika na nafsi yake.

Mihambo alikwenda Mwambo. Kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, alibeba zawadi, na kwa kuwa alikuwa fundi wa maneno, alisikilizwa. Mwambo walikubali kukaa kikao na Igulu, na kutouvuka mto, kwa sharti moja: Buseli isiwafanye watu wa Igulu kuwa watu wake. Mihambo aliapa. Wakampa mtu wao mmoja, Shigela, afuatane naye ajionee kwa macho.

Siku ya tisa tangu mtama ushushwe, wawili hao walipita mbugani. Mihambo alikuta mizigo imepangwa vizuri kama ilivyoshushwa, imefunguliwa michache tu. Na pembeni yake watu wamekonda, wamelala. Alikasirika. Alikuwa mtu wa taratibu, na aliona mtemi wake amedharauliwa mbele ya mgeni.

"Mtama wa mtemi umewakosea nini?" aliuliza.

Hakuna aliyesimama. Mwanamke mmoja tu, jina lake Nshoma, ndiye aliyeinua kichwa. Alikuwa amempakata mama yake, kikongwe asiye na jino hata moja. Nshoma alikuwa akitafuna punje mbichi, anazitema kiganjani, anamlisha mama. Kikongwe alizisukuma nje kwa ulimi.

"Haujatukosea, baba," Nshoma alijibu. "Tunaushukuru. Lakini aliyekimbia vita hakubeba kinu."

Mihambo aligeuka kuitazama mizigo.

"Vyungu tunavyo viwili, na watu ni hawa unaowaona," Nshoma aliendelea, bila ukali. "Mbuga hii ni matope matupu, hata jiwe la kusagia hakuna. Tulitaka kwenda vijijini kuazima vinu, walinzi wenu wakaturudisha. Watoto walioula mzima matumbo yamewakamata. Tumeshazika sita. Mama yangu hatafika kesho kutwa."

Nataka mjue Mihambo alikuwa na nini begani. Alikuwa na mfuko wa unga wa safari. Na nyuma yake alisimama Shigela wa Mwambo, na kiapo kilikuwa hakijamaliza hata siku mbili. Akimpa kikongwe unga, Buseli imekuwa ndugu wa Igulu, kikao kimevunjika, na vita vitavuka mto. Asipompa, kikongwe atakufa hapo miguuni pake, karibu na mizigo sitini ya chakula.

Aliiweka chini fimbo ya ujumbe, ile aliyopewa na mtemi. Akaivuka. Kisha akavua mfuko, akapiga magoti mbele ya kikongwe.

"Shigela, sikia," alisema. "Fimbo ile ni ya mtemi, na mtemi hajampa mtu unga. Mimi ni Mihambo tu, na mama yangu alikufa zamani. Kuanzia leo mama yangu ni huyu."

Akampa Nshoma unga. Wakakoroga uji, kikongwe akanywa taratibu, na wote wakimtazama.

Shigela alingoja kikongwe amalize uji. Naye alikuwa na mama, nadhani.

"Nikirudi nitasema nilimwona mtu akimnywesha mama yake uji," alisema mwishowe. "Zaidi ya hapo sikuona kitu."

Mihambo alifika kwa mtemi, fimbo ameishika kwa ncha kama kitu kisicho chake tena. Alieleza aliyoyakuta mbugani na unga alioutoa, wanyampara wakamkemea. Walimwuliza ni mjinga gani anayelala njaa juu ya mtama. Akawajibu kwa maneno ya Nshoma, yale yale, hakuongeza neno. Baraza zima likainama. Watu arobaini na kitu pale, wenye mvi na busara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza kinu. Si ajabu, hakuna hata mmoja aliyewahi kutwanga.

Siku hiyo hiyo wanawake wa Buseli walijitwika vinu na michi wakaenda mbugani, kwa kuwa desturi ilikataza kutoa unga, haikukataza kuazima kinu. Walikuta makaburi yamekuwa tisa. Mama yake Nshoma alikuwa hai.

Kikao cha amani kilikaa, na kabla ya mavuno watu wa Igulu walirudi kwao. Lakini aliyekiongoza hakuwa Mihambo. Mwenye mama Igulu hawezi kupatanisha Igulu na Mwambo, hilo yeye mwenyewe alilisema, akairudisha fimbo. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikwisha kwa mfuko mmoja wa unga, na hakuna aliyemsikia akijuta.

Ila kila baraza lilipokaa kuwapelekea wengine msaada, alikuja bila kuitwa, akakaa karibu na mlango, akangoja wamalize kujisifu. Kisha akawaambia: aliyekimbia vita hakubeba kinu.