Majibu kwa Kiluwa

Sengondo, tajiri wa mashamba ya mkonge, alimwambia karani wake Chausiku, "Ruhusa ya kwenda kuolewa utaipata ukimaliza kupiga taipu kitabu cha maisha yangu."

Kitabu chenyewe hakikuwa na hata ukurasa mmoja. Kila asubuhi Sengondo alichonga penseli, akanywa chai, akasema, "Nitaanza kesho."

Mwezi huohuo ikaja barua ya mtu aitwaye Kiluwa, wa Pangani: "Nasikia shamba lako la kwanza ulilirithi tu."

"Nilirithi?" Sengondo alifoka. "Nililifyeka kwa mikono yangu!" Akaandika kurasa tisa bila kupumzika, akampa Chausiku azipeleke posta.

Kiluwa hakukoma. Mara alidai Sengondo aliukimbia moto ulioteketeza mkonge, mara alidai mke wa Sengondo alimkataa mara tatu kabla ya kumkubali. Kila barua ilijibiwa siku ileile, kwa hasira na kwa kirefu.

Baada ya miezi mitano Chausiku aliweka rundo la karatasi mezani. "Kitabu chako, mzee. Ni majibu yako yote. Nimeondoa matusi tu."

"Kwani hukuyapeleka kwa Kiluwa?"

"Kiluwa ni mimi, mzee. Naomba ruhusa yangu."

Sengondo alisoma kurasa kumi, kisha akatia saini ruhusa.

"Nenda kaolewe," alisema. "Lakini kwanza rudisha matusi."