Debe la Upande wa Pili

Mwanamke mmoja alikuwa uani anamenya ndizi za jioni. Jirani yake akachungulia juu ya ua.

"Jirani, umeuangalia mlima?"

Mlima wenyewe, wapendwa, nchi mbili zimeugawana. Ubavu mmoja huku, mwingine kule, na juu serikali zimesimika nguzo za zege. Ni mrefu kiasi kwamba wewe huku chini unaanika mahindi juani, kule kileleni barafu inaanguka. Asubuhi hiyo mume wake na binti zao wawili walikuwa wamepanda kuchuma machipukizi ya mianzi.

Akainua macho. Mlima haukuwapo. Ukungu ulikuwa umeufuta kama maandishi ubaoni.

Kwao, ukungu ukishuka, kila nyumba yenye watu mlimani hupiga debe, ili watu wake waufuate mlio. Akazibandika ndizi motoni, akapiga. Punde wakasikia debe jingine, mbali, kutoka nchi ya pili.

"Hao nao watatupotezea watu," jirani akasema. "Si wangenyamaza kwanza sisi tumalize?"

"Na wao wana watu juu."

"Basi piga uwazidi."

Akapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Jua likielekea kuzama, mibuni ikatikisika, wakatoka watu watatu wamelowa. Akawakimbilia. Hawakuwa watu wake. Walikuwa mama mtu mzima na wakwe zake wawili, wa nchi ya pili.

"Utusamehe, dada," yule mama akasema, meno yanagongana. "Tulisikia debe, tukadhani ni la kwetu."

"Umeona?" jirani akasema. "Umeshusha wa watu, wako wamebaki. Mimi nisingewapa hata maji ya moto."

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Zile ndizi zilimenywa kwa ajili ya nani?

Upepo ukavuma, ukungu ukapasuka, na mlima ukatokea mzima, mwekundu kwa jua la mwisho. Nguzo za serikali hazikuonekana. Mstari wa mpaka haukuwapo. Na debe la kule lilikuwa bado linalia.

"Nani anapiga lile?" mwanamke akamwuliza mgeni.

"Ni dada yangu. Huyo haachi mpaka mtu atokee."

"Mtu yeyote?"

"Atamjuaje kabla hajatokea?"

Mwanamke akampa jirani debe. "Shika wewe. Mimi nipakue."

Sisi tukipiga magoti tunasema, Mungu, nilindie wangu. Ni sawa, mimi pia nasema hivyo kila usiku. Lakini huwezi kulichagulia debe lako sikio. Huko ukunguni, wako amesikia la mwingine, na wa mwingine amesikia lako. Ukinyamaza ili kuwakomoa wa watu, na yule wa kule akinyamaza vilevile, ni nani atakayeshuka?

Najua mnataka kuuliza. Ndiyo, mumewe na mabinti walirudi kesho yake, wameshiba chakula cha kule. Lakini jioni ile yeye hakujua. Tushike hapo: hakujua, na alipakua.

Aliweka ndizi kwenye sahani za wanawe na ya mume wake, akawaketisha wageni karibu na moto. Kisha akawahesabu kwa kidole, kama alivyozoea kila jioni.

"Wote wapo," akasema. "Karibuni tule."